Pikapu Iliyogoma Siku ya Ukweni

Ndugu zangu, leo msinipigie simu. Sina uso wa kupokelea. Nimeuacha ukweni, katikati ya ua, mbele ya wazee waliovaa kanzu nyeupe. (Moja si nyeupe tena. Tutafika huko.)

Naandika haya nikiwa nimejibanza kwenye migomba nyuma ya nyumba ya wakwe, huku Kyerwa, kabla kidogo ya kufika Murongo. Ndani wazee wanaongea. Uani pikapu yangu inanguruma peke yake, haina dereva, na hakuna anayethubutu kuigusa. Nisikilizeni tangu mwanzo, halafu ndipo mnihukumu.

Mnaonifuata humu mnajua kwamba nabeba mizigo ya watu pale Omurushaka, na kwamba nina pikapu ya bluu. Nimeweka picha zake nyingi humu kuliko picha za mchumba wangu Adventina. (Yeye mwenyewe ameshalalamika.) Msilolijua ni kwamba baba yake hakunipenda tangu siku ya kwanza.

Mzee Respicius ni mkulima wa kahawa na migomba, mtu wa maneno machache. Nilipokwenda kumsalimia mara ya kwanza aliniuliza, "Kibanja chenu kikoje, kijana?" Mtu mwenye akili angezungumzia shamba la nyumbani: migomba, mbolea, hata mbuzi wawili watatu. Mimi nikamjibu kuhusu pikapu. Nguvu ya injini, tairi, uzito inaobeba. Niliongea mpaka chai ikapoa. Nilipoondoka akamwambia binti yake: "Huyu ana funguo mkononi, lakini hana udongo kwenye kucha. Ni mtu wa barabarani. Gari likifa, mtakula nini?"

Na gari likafa kweli! Mwezi uliopita, siku ya kupeleka posa rasmi, injini ilichemka tukiwa tumepita Nkwenda. Moshi ule, acheni tu. Ukweni walikuwa wamepika ndizi, zikapoa, zikagawiwa majirani. Mzee akatuma neno kupitia kwa Adventina: "Mara ya kwanza ni bahati mbaya. Mara ya pili ni tabia. Jumamosi nikianza kula hamjafika, msije tena."

Jumamosi yenyewe ndiyo leo.

Fundi wangu anaitwa Method. Alikuja kuifungua injini nyumbani kwetu Kiruruma, kwa sababu gari lililetwa pale kwa kukokotwa na halikuwa na namna ya kutoka. Silinda hedi ilikuwa imepinda. Akaipeleka kunyooshwa, gasketi ikaagizwa, gasketi ikachelewa. Muda wote huo gari langu lilikaa kando ya banda la mbuzi, tumbo wazi, na mimi nikaliuguza. Nikalifunika turubai. Panya walipotafuna kiti cha abiria nikatangaza vita, nikaziba kila upenyo. Mama alinikuta jioni moja nikilisemesha. Alirudi ndani akachukua rozari.

Jana jioni Method akakaza boliti ya mwisho, na mvua ikashuka palepale, ile ya ndoo.

"Tutaliwasha asubuhi," akasema akijifuta mikono. "Sasa ni jipya hili. Wewe utagusa ufunguo tu."

Nililala usingizi mtamu. (Usingizi wa mjinga una raha yake.)

Asubuhi nyumba imejaa shughuli. Baba mdogo Anatory, ambaye ndiye mshenga wetu, kavaa kanzu na koti, anafanya mazoezi ya hotuba mbele ya kuku. Shangazi Domitila, mama wa mambo yote ya ukoo, anapanga zawadi: jembe jipya lenye mpini, blanketi la mama mkwe, beberu, na madumu manne ya rubisi, pombe yetu ya ndizi. Madumu hayo huwa hatuyafungi kwa vifuniko vyake, maana rubisi inapumua na dumu linaweza kuvimba likapasuka. Tunayaziba kwa majani makavu ya mgomba. Nikamtazama shangazi akiziba. Nikashindwa kunyamaza.

"Shangazi, kwa barabara hii hivyo vizibo vitachomoka."

"Basi ziba wewe, mjuaji."

Nikaziba. Na hapa sijisifu, nasema ukweli: kwa kuziba dumu sina mpinzani Kiruruma nzima. Mama alinifundisha nikiwa mdogo. Unakunja jani mara tatu, unalizungushia kamba ya mgomba, fundo linakaa kushoto, ncha ya kamba unaichomeka ndani isionekane. Kisha unapigilia kwa kiganja. Dumu hilo hata ulipindue, halidondoshi tone.

"Hm," akasema shangazi. Kwa shangazi hiyo ni sifa kubwa. Kisha akaninyooshea kidole. "Na leo mdomo wako ni wa kutafuna kahawa tu. Anayeongea ni mshenga. Umenielewa?"

Kwa msio wa kwetu: mgeni hapa hukaribishwa kwa kijikapu cha kahawa kavu ya kutafuna. Kijikapu kikikufikia, umekaribishwa. Kikikuruka, anza kutafuta viatu vyako.

"Nimeelewa, shangazi."

Nikaingia garini. Nikafanya ishara ya msalaba. Nikageuza ufunguo.

Nyi-nyi-nyi-nyi-nyi.

Kimya.

Nikarudia. Nyi-nyi-nyi. Kuku walituangalia. Baba mdogo alisimamisha hotuba katikati ya "ndugu zetu wapendwa."

"Lipe muda," akasema Method. "Damu bado inatembea."

Tukalipa muda. Damu haikutembea.

"Ni betri," nikasema mimi, mtaalamu. Tukamwagia maji ya moto vichwa vya betri, tukakwangua, tukakaza. Staata ikazunguka kwa nguvu mpya kabisa, na injini ikaendelea na msimamo wake.

"Si betri," akasema Method. "Ni mafuta hayafiki." Akachomoa mpira wa mafuta, petroli ikamruka mpaka kifuani. Yanafika!

"Basi ni plagi." Akazitoa zote. Zimelowa. Tukazifuta, tukazikausha, tukazijaribu. Cheche ile! Mpaka nikapata matumaini. Tukazirudisha, nikageuza ufunguo, na gari likakohoa mara moja: kho! Nilimkumbatia Method kupitia dirishani. Shangazi akapiga kigelegele. Gari likasikia aibu, likanyamaza tena.

Hapo nikafanya kile ambacho kila mwenye gari hufanya akiishiwa maarifa. Nilisimama mbele ya boneti, mikono kiunoni, nikaitazama injini kwa muda mrefu kama vile itasema yenyewe.

Kila mtu akawa na neno lake.

"Haya mafuta umenunua wapi?" akauliza baba mdogo. "Yasije kuwa yale ya chupa, ya kando ya barabara."

"Asubuhi nani alikusalimia kwanza?" akauliza shangazi.

"Mama Koku, jirani."

"Mawe, mama yangu!" Shangazi akashika kiuno, akaitazama nyumba ya Mama Koku kwa jicho ambalo sitaki kulikumbuka. (Mama Koku, kama unasoma hapa, nisamehe. Ulinisalimia kwa moyo mweupe.)

Na mimi, badala ya kutafuta tatizo, nikatafuta mtu. Nikamgeukia Method.

"Wewe umekosea mkanda wa ndani. Umefunga vibaya!"

"Mimi? Nimefunga alama kwa alama, kwa macho yangu haya!"

"Macho yenyewe ndiyo hayo! Mzee akianza kula sijafika, umeniua. Umeniharibia ndoa, Method!"

Alikusanya spana zake moja moja, akazitia kwenye mfuko, akapanda pikipiki yake akaondoka. Nilijisikia vibaya, lakini hasira ilikuwa mbele ya akili. Najua mtaniuliza kwa nini sikukodi gari lingine. Jumamosi, msimu wa harusi! Nilipiga simu Omurushaka nzima. Kila gari lilikuwa limefungwa maua.

Tukaita vijana wa jirani, tukalisukuma gari mpaka barabara kuu, nikitia gia, nikiachia klachi. Lilijivuta, likaguna, likasimama. Vijana wakakaa chini kwenye majani, wakaniambia kwa heshima kwamba wao wana kazi nyingine.

Simu ikalia. Ujumbe wa Adventina: "Mko wapi? Ndizi zimeshafunikwa." Maana yake zimeiva, zimefunikwa kwa majani, zinangoja kupakuliwa. Sikufikiri tena habari ya gari. Nilimfikiria Adventina akipita na sahani mbele ya baba yake, akikwepa macho ya kila mtu, mara ya pili. Nilitaka kulia, na ningelia, ila shangazi alikuwa ananitazama.

Ndipo likaja lori la kubebea ng'ombe. Tupu, linaelekea Murongo. Nilisimama katikati ya barabara nikapunga blanketi la mama mkwe.

"Kuna mgonjwa?" akauliza dereva.

"Kuna posa."

Akacheka mpaka akaegemea usukani. "Haya, mkwe. Funga kamba."

Hivyo ndivyo msafara wangu wa heshima ulivyosafiri. Mbele lori la ng'ombe na harufu yake. Nyuma mimi kwenye pikapu mfu, nikizungusha usukani kana kwamba naendesha. Shangazi kando yangu, pua ndani ya kitenge. Baba mdogo nyuma, kashikilia beberu kwa mkono mmoja na kofia kwa mwingine, tope jekundu la jana likimrukia kila shimo. Njiani nikajaribu ujanja: nikatia gia ghafla ili injini ishtuke. Kamba ikakaza, lori likayumba, likasimama. Dereva akaja dirishani, tabasamu limekwisha.

"Mkwe, ukirudia nakata kamba. Utaoa hapa hapa."

Sikurudia. Tukavuka Nkwenda, tukapita pale injini ilipochemka mwezi uliopita. Nikageuza uso upande mwingine.

Nyumba ya Mzee Respicius iko chini ya mteremko, na ua wake unashuka taratibu mpaka kwenye kibanja. Dereva akatufungua pale juu, akanitakia baraka, akaondoka. Simu ikalia tena. Adventina: "Mzee ameagiza maji ya kunawa."

Maji ya kunawa! Hapo akili ikanijia, na ilikuwa akili ya shetani. Mteremko! Nitalishusha gari lenyewe, nitie gia ya pili, niachie klachi, injini ishike, niingie uani nikinguruma. Nani atajua tulikokotwa? (Tope kwenye kanzu ya baba mdogo lilijua. Mimi sikulitazama.)

"Una uhakika?" akauliza baba mdogo kutoka nyuma.

"Asilimia mia, baba mdogo."

Tukashuka. Upepo dirishani, raha. Nikaona ua umefagiliwa, viti vimepangwa, wanawake mlangoni, wazee wamesimama na kanzu zao, na Mzee Respicius mwenyewe katikati, mikono bado mikavu. Tumewahi! Wanawake wakaanza vigelegele. Nikawapita kwa madaha, nikatia gia ya pili, nikaachia klachi.

Gari likaguna. Likatetemeka. Likasimama hatua chache mbele ya viti, matako yake yakiwaelekea wazee.

Vigelegele vikapungua kimoja kimoja mpaka akabaki bibi mmoja, ambaye nadhani hakuwa anaona vizuri. Kisha naye akanyamaza.

Nikageuza ufunguo. Nyi-nyi-nyi.

Adventina alikuwa mlangoni mwa jiko. Alijifunika uso kwa kanga yote.

Mzee Respicius akaja polepole mpaka dirishani kwangu. "Shikamoo, baba," nikasema.

"Marahaba. Ndilo hili?"

"Ndilo, baba. Limetoka kutengenezwa."

"Naona." Akazunguka nyuma. Nikamsikia akiwaita vijana wake. Halafu kwenye kioo nikamwona yeye mwenyewe akikunja mikono ya kanzu, akiweka viganja kwenye pikapu yangu.

Nikatoa kichwa. "Baba, tafadhali! Usisukume wewe!"

"Nyamaza, shika usukani. Nikikungoja wewe ufike, binti yangu atazeekea hapa. Leo nitakusukuma mwenyewe mpaka uoe."

Watu wakacheka. Shangazi akanifinya paja, nadhani alikosa la kufanya. Wakasukuma, watu saba wanane, mzee katikati. Gari likashika mwendo kuelekea kwenye migomba. Nikahesabu moyoni, nikaomba, nikaachia klachi.

PUUUH!

Jamani. Mlio ule! Baba mdogo alikuwa kifudifudi kati ya madumu kabla sijakanyaga breki, akisali Salamu Maria bila kuvuta pumzi. Beberu alikata kamba akaingia kibanjani. Wanawake wakaingia ndani, wakatoka, wakaingia tena.

Na injini ikawaka! Wuuuum! Tamu, nyororo, haijawahi kuwaka hivyo tangu nilinunue gari hili. Kwa sekunde chache nilikuwa mtu mwenye furaha kuliko wote Kyerwa. Nikainua mikono miwili, nikapiga kelele, "Limewaka! Limewaka, waitu, ndugu zangu!"

Nikatazama kioo nione wanavyoshangilia.

Mzee Respicius alikuwa amesimama peke yake katikati ya ua. Wengine walikuwa wamelala chini. Tumboni, kwenye ile kanzu nyeupe, alikuwa na duara jeusi la masizi, limekamilika, limekaa sawasawa juu ya kitovu. Na mikononi alikuwa ameshika kitu kilichokuwa kikitoa moshi.

Nikashuka.

"Baba, umeumia?"

"Sijaumia. Kimetoka kwenye bomba lako la moshi. Kimenigonga, kikadondoka mkononi." Akakigeuza. "Ni nini hiki?"

Nami, ndugu zangu, bila aibu, nikafungua mdomo ulioambiwa utafune kahawa tu. "Baba, ni fundi! Huyo fundi nilimkataza! Ameacha uchafu wake ndani ya gari la watu, ni mzembe sana, hata asubuhi nimemfukuza—"

Mzee akanyanyua kidole, nikanyamaza. Alikuwa anakitazama kile kitu kwa makini. Akakifuta masizi kwa kidole gumba. Majani makavu ya mgomba, yamevimba kwa maji ya mvua. Yamekunjwa mara tatu. Yamezungushiwa kamba ya mgomba. Fundo lipo kushoto. Ncha ya kamba haionekani.

Mzee akatembea mpaka kwenye pikapu. Akatazama madumu manne ya rubisi. Akatazama kizibo cha dumu la kwanza, akatazama kile cha mkononi. Akatazama cha dumu la pili, akatazama cha mkononi. Hakuharakisha hata kidogo. Alipofika dumu la nne, ua mzima ulikuwa umeshaelewa. Nami nikakumbuka.

Panya! Wakati gari liko wazi, panya walipokula kiti, nilizunguka na majani nikiziba kila upenyo, na kwenye bomba la moshi nilikisukuma kizibo ndani kabisa kwa mpini wa jembe, ili mbuzi wasikione wakakila. Niliipenda sana kazi yangu jioni ile. Kisha nikaisahau. Injini ingewakaje? Nimeiziba mwenyewe, kwa mikono yangu, kwa ustadi. Na Method maskini nimemtukana mbele ya shangazi yangu na kuku!

"Nani aliyeziba madumu haya?" akauliza mzee.

Baba mdogo, mshenga wetu, msemaji wetu, akainua uso wenye tope kutoka kati ya madumu. "Ndugu zetu wapendwa..." akaanza.

"Sijakuuliza wewe, waitu. Namuuliza huyu."

Nikatazama chini. "Ni mimi, baba."

"Na hiki?"

"Na hicho ni mimi. Fundi hana kosa. Nilikuwa nazuia panya."

Nilitamani ardhi ipasuke. Adventina alishatoa kanga usoni, na sikujua kama analia au anacheka. Mzee akakamata fundo, akajaribu kulifungua. Halikufunguka. Akavuta kwa meno, ndiyo, kwa meno, masizi yote yale. Halikufunguka. Akampa mdogo wake, naye akashindwa.

"Limekaa kwenye moto na maji," akasema mzee polepole, "likasukumwa na wanaume wote hawa, ndipo likatoka. Na halijafunguka." Akainama kwenye pikapu, akapitisha mkono chini ya madumu yote manne. Pakavu. Kwa barabara ile! "Nani alikufundisha?"

"Mama. Kwenye kibanja chetu. Tulikuwa tunakamua ndizi kila msimu, mimi ndiye nilikuwa naziba."

"Mbona mara ya kwanza nilipokuuliza habari za kibanja, uliniambia habari za tairi?"

Nikamwonyesha tu mikono yangu, sijui kwa nini. Ilikuwa myeusi kwa oili na masizi, na chini ya kucha, kwa sababu ya kulisukuma gari kwenye tope asubuhi yote, kulikuwa na udongo mwekundu wa kutosha kuotesha mgomba.

Mzee akaitazama. Mabega yakaanza kumtikisika. Nilidhani anapandwa na hasira, nikarudi nyuma hatua. Kumbe anacheka! Mtu wa maneno machache, cheko lake halina mwisho. Akashika magoti. Akacheka mpaka machozi yakachora mistari kwenye masizi ya mdomoni. Ua mzima ukapasuka kwa kicheko, mama mkwe akaketi chini, na yule bibi akarudia vigelegele vyake pale alipoviachia.

Mama mkwe akaja na kanzu safi. Mzee akaikataa.

"Niacheni nayo. Muhuri umeshagongwa. Leteni kahawa."

Kijikapu kikaja. Wazee wakachukua, baba mdogo akachukua kwa vidole vya tope, kikamfikia shangazi. Nilikuwa nimekaa mwisho kabisa, sijui niweke wapi macho. Mzee akakitoa mikononi mwa shangazi, akanyanyuka na lile duara jeusi tumboni, akaniletea mwenyewe. Nimechukua punje tatu. Bado ninayo moja shavuni ninapoandika. Siitafuni, naogopa itaisha.

Kwa hiyo wako ndani, wanazungumza na wanacheka, na kila wakicheka najua wamefikia wapi. Mimi nimepewa kazi. Kuna madumu ya rubisi ya hapa nyumbani ambayo tutarudi nayo Kiruruma, na mzee kasema asiyazibe mtu mwingine. Nimeshafunga mawili. Beberu amepatikana, alikuwa anakula maharage ya jirani.

Method nimemwomba radhi kwa ujumbe mrefu, nikamweleza kila kitu. Amejibu kwa mstari mmoja: "Kizibo usikitupe, nakitaka nikitundike gereji." Nimwambieje kwamba mzee ameshakitundika juu ya mlango wake?

Na pikapu? Inanguruma tangu ilipowaka, nusu imeingia kwenye migomba. Nilitaka kuizima, mzee akanikataza mbele ya wote: "Isizimwe mpaka mtoke hapa. Mimi sisukumi tena mtu."

Sasa Adventina amekuja kuninong'oneza kwamba taa ya mafuta garini imewaka, petroli inakaribia kuisha. Chekeni mtakavyo, jamani, nimestahili. Ila mwenye namba ya mzee, namsihi asimwambie.